Maji ya Kimeu

Kalondu alikuwa amepiga magoti akimvisha mumewe viatu, na kiatu kikakataa katakata. Mguu wa Kimeu ulikuwa umevimba, ukiubonyeza, kidole kinaacha shimo. Na Matinyani yote ilikuwa imempongeza kwa kunenepa! Huko, mtu akijaa mashavu husemwa mambo yamemnyookea, na kanisani walikuwa wameshamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Daktari aliwaeleza polepole. Ni virusi vya homa ya ini, vilimwingia zamani, huenda tangu utotoni. Ini lilivumilia, figo ndizo zilizoumia, na sasa zimeshindwa kabisa. Damu lazima ioshwe kwa mashine. Ila mwenye virusi hivyo haoshwi kwa mashine ya wengine, hutengewa yake, na hiyo iliyotengwa imeharibika. Watapigiwa simu ikipatikana nyingine. Kwa sasa Kimeu apunguze maji ya kunywa.

Kupunguza maji, Matinyani, wakati wa kiangazi! Kalondu alicheka, kisha akalia papo hapo.

Ijumaa maji yalianza kutoka kwenye nyayo za Kimeu. Yalijaza beseni, yakajaza pipa. Kanyiva, kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaosaidiana kuchimba matuta shambani, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alichovya kidole akaonja, akasema hayana chumvi kama ya kisima. Kufikia adhuhuri punda walikuwa wamejaa uani.

Mwethya wakapanga zamu kama za matuta, kila kijiji na siku yake. Walikuwa na adabu zao: kila mama alimwombea Kimeu kwanza, ndipo akinge mtungi. Watu wa idara ya maji wakaja wakapima, wakafunga bomba miguuni pa kitanda. Kalondu aliwauliza habari za mashine. Wakamwambia hiyo ni ofisi nyingine.

Maji yalitoka, lakini uvimbe haukupungua. Kimeu alilala ameketi ili apate pumzi, na kila alichokula alikitapika. Kalondu aliogopa hata kusinzia, asije akaamka peke yake.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Mashine ya wenye virusi kama vyake imepatikana hospitali nyingine. Aletwe leo, kesho nafasi ni ya mwingine. Gari la hospitali likaja likasimama barabarani, maana halingeweza kushuka korongo lililo kati ya barabara na nyumba. Kimeu angebebwa kwa blanketi, na kwa uzito ule ilihitajika mikono mingi.

Kalondu akatoka hadi kwenye foleni. "Nisaidieni tumbebe mume wangu, Baba Mwongeli. Anakufa."

Hakuna aliyekataa. Kanyiva aliuliza tu kama maji yataenda naye. Kalondu akasema ndiyo, yataenda. Kanyiva akaitazama foleni, watu waliotoka kwao kabla ya mapambazuko, ng'ombe wao wamelala kwa kiu hawainuki.

"Hawa wajaze tu, mama," akasema, "halafu tutambeba."

Wakajaza. Wengine wakafika, nao wakajaza. Jua lilipoinama dereva alipiga honi, akangoja, akapiga tena, kisha gari likasikika likiondoka kuelekea mjini.

"Wanakuja?" Kimeu aliuliza.

"Wanajaza," Kalondu akamjibu.

Mtungi chini ya bomba ulikuwa umefurika na maji yanamwagika bure sakafuni. Kalondu akauondoa, akaweka mwingine mtupu.