Foleni Mbili Mashineni

Nusu ya mahindi yake ilikuwa imeshaingia kwenye mashine aliponinyooshea kidole.

"Huyu naye atoke. Mama yake si alivuka mpaka?"

Alikuwa muuza nyama wa mtaa wa zamani. Tulimwita Koti, maana hata juani hakulivua. Asubuhi hiyo yeye na wenzake wawili walikuwa wameigawa foleni: wenyeji kivulini, waliovuka juani. Mama alikuwa huko juani, beseni kichwani.

Mashine ilikuwa ya shangazi, dada yake baba. Alipokuwa msichana, mji wetu ukiwa bado haujatoka nje ya ukuta wa kale wa ngome ya askari, foleni nzima ilisema lugha moja. Nilipoacha shule darasa la tano nikaanza kumshikia gunia la kupokea unga, lugha zilikuwa tatu, na wanawake walipokezana watoto bila kuulizana kwao ni wapi. Sasa kila mmoja alimvuta wake karibu. Nikasogea pembeni. Hata siku za kawaida, kuitikia salamu tu kulinishinda.

Shangazi akazima injini.

"Haya, ametoka. Shika mwenyewe."

"Dada, usinifanyie mzaha."

"Mzaha gani, baba? Mimi nawasha, wewe unashika. Mji si wako?"

Akawasha. Gunia la mashineni halitaki nguvu. Hubanwa kwa magoti, mdomo ukaachwa upumue kidogo. Koti alilikaba shingo. Likafura, likamponyoka, unga ukamvaa kuanzia nyusi mpaka viatu.

Huko juani mtu akacheka, kisha akajiziba mdomo.

Wenzake Koti wakageuka. Mmoja aliinama akaokota jiwe. Kicheko kile nilikijua; kilinilea.

Miguu iliondoka kabla sijaiambia. Nikamnyang'anya Koti gunia, nikalibana kwa magoti. Akaniinamia, unga ukimdondoka kwenye kope.

"Nani amecheka?"

"Mimi, baba."

Alijua nadanganya. Kicheko kilitoka mbali, nami nilikuwa nimesimama karibu naye. Akatazama juani, akatazama chakula cha wanawe kinavyoshuka katikati ya magoti yangu. Mwenye jiwe alikuwa akimngoja.

"Lijaze," akasema.

Nililijaza, nikalifunga. Foleni ikasogea. Mama alipofika hakuniangalia, wala mimi sikumwangalia. Akamimina mahindi yake. Nikashika kama ninavyomshikia mtu yeyote.