Chokoleti za Doha

Wakesho alipofungua sanduku, sebule ya dada yake pale Chawia ilikuwa imejaa watu hadi mlangoni. Mtu akirudi kutoka Doha, habari hazihitaji mpiga mbiu. Tende zenye lozi ndani zilizunguka, halua ikakatwa vipande, na majirani walionuniana mwaka mzima kwa sababu ya mpaka wa shamba wakajikuta wakichota sahani moja. Shemeji Geoffrey, aliyekatazwa sukari na daktari, alitafuna biskuti moja baada ya nyingine huku akiapa kwamba anaonja tu.

Wakesho alicheka nao, lakini macho yake yalikuwa kwa bintiye Shanice. Alipokwenda kufanya kazi Doha alimwacha mikononi mwa dada yake Tryphena kabla hajaota meno, na sasa alikuwa mtoto wa shule. Miaka yote hiyo walionana kwenye simu, na kila mara Wakesho alimwonyesha chokoleti za dukani na kumwahidi. Safari hii hakuja kutembea. Alikuwa amekodi nyumba Voi, ameshaweka kitanda kidogo, na jioni hiyo hiyo alitaka kuteremka na mwanawe.

Alitoa boksi la chokoleti alilolificha chini ya nguo, akalifungua mwenyewe.

"Njoo, mwanangu. Hizi ni zako peke yako."

Shanice alisogea, mikono nyuma. Mtoto aliyelelewa vizuri hapokei kitu cha mgeni mpaka mama yake amruhusu. Wakesho alijua, maana yeye na Tryphena walilelewa vivyo hivyo. Mtoto aligeuka, akamtafuta Tryphena katikati ya watu.

"Mama, nichukue?"

Tryphena akainamisha uso.

"Usiniulize mimi. Mama yako si huyu hapa?"

Shanice hakuchukua. Alizidi kumkodolea macho Tryphena mpaka Tryphena akakubali kwa kichwa. Ndipo akachukua moja, akashukuru, akala. Ilikuwa tamu, uso wake wote ulisema hivyo. Wakesho alimwonea dada yake wivu wa kuchoma, kisha akaona haya, kwa kuwa nani mwingine angemfundisha mtoto adabu ile?

Majirani walipotawanyika, alimkuta Tryphena chumbani akipanga sare za mtoto kwenye begi, machozi yakimtiririka.

"Ziko zote," Tryphena alisema. "Anaogopa giza huyu. Umwachie taa."

Wakesho alilichukua begi, akasimama nalo, akalirudisha kitandani.

"Acha kwanza amalize muhula, dada. Nitakuwa nakuja wikendi."

Hawakuangaliana.

Gari la Voi lilipopiga honi, Shanice alimsindikiza hadi barabarani bila kuambiwa, amembebea mkoba. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Asante kwa kututembelea," alisema. "Karibu tena."