Eda ya Bi Ashura

Katika kila picha aliyowahi kupigwa, Bi Ashura Bwanaheri amevaa nyeupe. Si nyeupe ya harusi wala ya sikukuu. Ni shuka la bafta lisilo na nakshi, la mwanamke aliyekaa eda, amejitanda hadi karibu na nyusi, na chini ya nyusi hizo kuna macho yanayotaka kucheka. Alikuwa mwandishi wa riwaya aliyevuma nchi nzima, na alikufa bila kuolewa hata siku moja. Sasa eda ile ilikuwa ya nani?

Mikindani, alikoishi, ilikuwa na majibu, tena ya kuchagua. Dereva wa bodaboda alimwambia Sabra, mwalimu kijana aliyefika kuulizia, kwamba Bi Ashura alikuwa na mchumba aliyezama Msimbati siku chache kabla ya nikaha, naye akaapa kumwombolezea hadi kaburini. Muuza samaki alishusha sauti: alipendwa na jini, huko Ruvuma inapoingia baharini, na jini hana mzaha na mke wake. Sabra aliyasikiliza yote kwa hamu, maana swali lile halikuwa la Bi Ashura peke yake. Ijumaa wazee wa Muzamil, kijana aliyemposa, wangerudi nyumbani kwa akina Sabra, Mtwara mjini, kuchukua jibu la posa. Sabra alimpenda Muzamil, hilo halikuwa na ubishi. Lakini alikuwa na riwaya yake iliyofika nusu, aliyoiandika alfajiri kabla ya kwenda kufundisha, na hofu yake hakuwahi kumtamkia mtu: kwamba yeye ataingia katika ndoa, na riwaya itabaki nje mlangoni. Alitaka kujua yule aliyemtangulia aliona nini.

Ndipo akabisha hodi kwa Bi Safina, mdogo wake Bi Ashura. Alimkuta uani, amekaa kwenye kibao anabangua korosho, mikono ameipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimchome.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kama umekuja kwa ajili ya yule mchumba aliyezama, keti kwanza. Nataka nikukatishe tamaa ukiwa umekaa."

"Hakuzama?"

"Hakuwapo. Paka majivu, unisaidie."

Sabra akapaka, akaketi.

"Eda ilikuwa yangu mimi," alisema Bi Safina. "Mume wangu, Saidi, alikufa ndoa yetu ingali mbichi. Nikakaa ndani miezi minne na siku kumi, kama sheria inavyotaka. Dada akaja kukaa nami, nisiwe peke yangu."

Kabla ya hapo, alieleza, Ashura hakuwa na asubuhi yake. Alikuwa binti mkubwa wa Mzee Bwanaheri: Ashura maji, Ashura moto, Ashura wageni hao. Lakini chumba cha eda hakiingiliwi ovyo. Chakula kiliachwa mlangoni. Waliopita barazani walinyamaza kwa heshima. Katika kimya kile Ashura aliketi na karatasi zake, akaandika riwaya ya kwanza toka mwanzo hadi mwisho.

"Mimi nalia, yeye ananiambia nisogee kidogo, namzibia mwanga." Bi Safina aliacha kugonga korosho. "Nilimchukia, mjukuu wangu, nakwambia kweli. Mume wangu yuko udongoni, na dada yangu sijapata kumwona ana furaha kiasi kile."

Aliokota korosho nyingine, akaigeuza vidoleni.

"Eda ilipokwisha nikaogeshwa, zile nguo zikawa za kutolewa sadaka. Akaziomba yeye. Toka hapo, kila asubuhi anajitanda nyeupe, anakaa dirishani na kalamu. Nani atamtuma mtu aliyevaa vile? Mposaji mmoja alifika mlangoni, akamwona, akatoa pole, akaenda zake." Bi Safina alicheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko. "Nikamuuliza, dada, huolewi? Akanijibu: katika ndoa nzima, Safina, mimi nilichokipenda ni eda tu."

Sabra naye alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. Alikuja kutafuta huzuni kubwa, akapewa mwanamke aliyetaka tu asisumbuliwe asubuhi.

"Basi alikuwa na furaha," alisema, na alitaka sana jibu liwe ndiyo.

"Asubuhi, ndiyo. Jioni alikuwa akija kula kwangu. Kila jioni, mpaka mauti yalipomkuta. Chakula kinakwisha, vyombo vinaoshwa, yeye bado yupo. Ananiuliza habari za Saidi: alikuwa akichekaje, alikuwa akikohoa vipi akiingia nyumbani. Vyote vimo vitabuni. Nikisomewa, namsikia akikohoa."

"Ulimsamehe, bibi?"

"Nilimpikia," alisema Bi Safina.

Wakati wa kuaga, alimtolea shuka lenyewe, limekunjwa vizuri, limegeuka rangi ya maziwa, na kwenye pindo lina doa la wino. "Chukua. Hapa linaliwa na mende tu."

Alhamisi jioni Muzamil alipiga simu. "Wazee wanakuja kesho baada ya swala. Waje na moyo gani?"

Shuka lilikuwa mapajani mwa Sabra. "Nina shuka jeupe," alisema. "Asubuhi nikilivaa, usiniite. Wewe, mama yako, wageni, yeyote yule. Mpaka nilivue."

"Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

Muzamil alisikika akivuta kiti na kuketi.

"Sawa," alisema polepole. "Na jioni?"

Hilo Sabra hakuwa amejiandaa nalo. Alipitisha kidole kwenye doa la wino, akawaza vyombo vilivyokwisha kuoshwa, na mtu ambaye bado hataki kuondoka. Muzamil hakukata simu, wala hakumwita.