Kamba za Juu

Jirani wa mlango wa kushoto anadai kwamba dobi aliondoka ardhini siku ya Ijumaa, pale uani, na kwamba ni yeye aliyemdaka ukosi wa gauni asije akapita juu ya paa. Akisimulia huonyesha mkono aliomdakia. Ijumaa ni kweli, na ukosi ni kweli. Ila dobi alikuwa ameanza kupaa zamani, na jirani alijua, maana ndiye aliyekuwa akiwaambia watu kwamba yule mwanamke anatembea kama anayeogopa kuichafua barabara.

Ilianzia kazini. Yeye na madobi wenzake walikuwa wakifua shuka za hospitali katika ukumbi mrefu, mashine chini, kamba za kuanikia juu karibu na bati, kwenye joto. Shuka ikilowa ni nzito, na mgongo wa dobi ulikuwa haujakaa sawa tangu alipojifungua. Msimamizi wao waliyemwita Pole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka neno hilo, alifungua kopo la sukari akamtolea kidonge cheupe.

"Meza," akamwambia. "Mgongo utanyamaza."

Mgongo ukanyamaza. Baada ya siku chache za kumeza, visigino vyake vikawa havigusi sakafu. Pole aliviangalia visigino, akaziangalia kamba, akasema kuanzia leo shuka za juu ni zake.

Nyumbani alificha kama wanavyoficha wote wanaomeza. Alishona kokoto kwenye pindo la gauni. Alimeza ili afanye kazi, kisha akawa anameza ili aweze kuamka, kisha akameza hata siku ambayo mgongo haukuuma. Kimoja kilipokuwa hakimwinui tena, akaongeza. Akiulizwa, alikuwa mkali.

Aliyemgundua ni mama mkwe wake, aliyekuwa akimlea mjukuu mchana. Alikuwa amepiga deki, dobi akakatiza sebuleni, na sakafu mbichi haikuonyesha alama hata ya kidole.

"Mwana wa watu," mama mkwe akasema, "ruka unavyotaka. Mjukuu wangu humpandishi huko."

Akamtoa mtoto mikononi mwake. Alikuwa mtoto wa kike, ndiyo kwanza anaota meno. Tangu hapo dobi akawa anamwangalia kutoka mlangoni, na mtoto akinyoosha mikono, bibi yake anamgeuzia upande wa pili. Mume wa dobi, fundi wa friji, alikuwa mtu wa kukubaliana na aliyesema mwisho, na katika nyumba ile aliyesema mwisho alikuwa mama yake.

Ijumaa hiyo dobi alimfuata mtoto uani. Akamshika, mama mkwe akampokonya na kumvuta gauni, pindo likachanika, kokoto zikamwagika, naye dobi akapaa mikono mitupu. Hapo ndipo jirani alipodaka ukosi. Walimfunga kwa kamba kwenye nguzo ya bomba, na mama mkwe akamimina vidonge vyote chooni kwa nia ambayo mwenyewe aliiita njema.

Kesho yake dobi alitoka jasho, akatapika, akatetemeka mpaka kamba ikatikisika. Kisha akashuka mzima mzima kwa mara moja, kama gunia, akaangukia bega.

Wakampeleka kliniki ambayo daktari, mkandaji, mpishi na mshauri walifanya kazi chini ya bati moja, na mgonjwa mmoja alikuwa wa wote. Muuguzi hakumwuliza kwa nini anaruka.

"Unameza hata usipoumwa?"

"Ndiyo."

"Umeshawahi kuacha?"

Dobi akaonyesha bega.

"Huu ni uraibu," muuguzi akasema, kwa sauti ya mtu anayesema hii ni homa. "Unatibika. Lakini haukatwi kwa panga, unashushwa polepole kama ndoo kisimani. Nani alivitupa vile vidonge?"

Mama mkwe akatazama ukuta.

Daktari alimpa dawa nyingine, akawa anaipunguza kidogo kidogo. Mkandaji alimnyoosha mgongo, na siku za mwanzo, dobi alipokuwa akiinuka hewani katikati ya kukandwa, mkandaji alipanda juu ya kiti akaendelea. Alifundishwa kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta. Mpishi alimlisha maharage na mboga za majani mpaka akasema basi, akamwongezea. Mshauri alimsikiliza, kisha akataka mama mkwe naye aje.

"Mimi siruki," mama mkwe alisema kabla ya kukaa.

"Tunajua, mama. Wewe unafunga kamba. Tutaanzia hapo."

Mama mkwe akasema kliniki hii inamsikiliza kila mtu isipokuwa mwenye akili timamu. Lakini alikaa mpaka mwisho, mkoba magotini, na siku iliyofuata alirudi kugombana tena.

Asubuhi moja dobi alipita kwenye sakafu mbichi akaacha unyayo mzima, vidole vyote. Mama mkwe aliinama akaukagua kama anayekagua samaki wa jana.

"Nauona," akasema. "Sasa rudi kazini. Ukae huko mwezi, na kila jioni urudi na miguu hiyo. Ukiweza, mtoto nitakuletea mwenyewe mpaka mkononi. Ukirudi unaelea, usinigongee mlango."

Mume akasema hilo ni neno la haki.

Muuguzi alipomuaga, hakumficha. "Sisi tumemaliza upande wetu. Mgongo wako ni uleule, na kazi ni ileile. Kainue shuka kwa ngazi, si kwa kidonge. Waombe."

Kazi haikuwa ileile. Alipokuwa mgonjwa, kamba zilipandishwa zaidi ili mashine nyingine ipate nafasi, na kopo la sukari lilikuwa limezunguka ukumbi mzima. Madobi wote walikuwa juu. Dobi alisimama chini peke yake akitazama nyayo zao, safi na laini kama za watoto wachanga.

"Shoga, umenenepa?" mmoja akamwuliza kutoka juu.

"Muache, huyo sasa ni mtu wa kliniki," mwingine akasema. "Anakanyaga chini kama matajiri."

Wakacheka. Mmoja hakucheka, alikuwa akipapasa bati kwa kiganja, akijisukuma asipande zaidi.

Pole alikuja na kidonge kwenye kiganja kilichofunguka.

"Shuka za wodi zinasubiri. Utazifikiaje?"

"Naomba ngazi, bosi," dobi akasema. "Iko nyuma ya stoo, nimeiona. Nitaibeba mwenyewe na nitairudisha mwenyewe. Nina mtoto ananisubiri nyumbani, na siwezi kwenda kwake hivi." Akaelekeza kidevu kwa waliokuwa juu. "Nakuomba ngazi tu."

 Kiganja cha Pole kilibaki wazi kati yao. Maji ya shuka yalikuwa yakidondoka kutoka juu, na tone moja likaangukia kidonge, kikaanza kuyeyuka. Pole akakitazama. Akapangusa kiganja kwenye suruali, akatia mkono mfukoni, akaweka kiganjani kidonge kingine kikavu.