Sarafu Zenye Ufa Sikioni

Maow alikuwa sonara wa mtaa wa Galbet, na alasiri moja ya mwaka 1996 aliingia kwenye ukumbi wa video wa Batula ili apumzishe macho. Katika filamu, mfalme alimwaga sarafu za kale mezani, akamwambia muuaji wa kukodiwa akamuue ndugu yake. Maow akaruka kitini.

"Simamisha! Hizo ni bandia!"

Batula akasimamisha kaseti. "Adeer, ami yangu, hii ni filamu tu."

"Sarafu za zamani zilipigwa nyundo moja moja, hazikufanana. Hizi zote zina ufa uleule kwenye sikio la mfalme aliyechorwa juu yake. Zimemiminwa kwenye kalibu moja, wallahi!"

Watu wakasongamana mbele ya televisheni kuchungulia masikio. Kweli, yote yalikuwa na ufa. Hasira zikapanda kwamba muuaji wa watu ametapeliwa. Mzee Abdinasir, aliyezoea kuamua kesi za ngamia, akauliza kama malipo ya bandia yanafunga mkataba. Ukumbi mzima ukajibu hayafungi.

"Basi huyu hana wajibu wa kuua," akahukumu. "Na sisi tukiendelea kutazama, tutakuwa tumeridhia damu ya mtu."

Batula alilalamika kwamba imebaki saa nzima, lakini hakuna aliyemsikiliza. Akazima mashine. Watu wakapeana mikono kwa kuokoa roho ya yule ndugu, wakatawanyika.

Maow alipongezwa njia nzima hadi nyumbani. Ila moyoni aliumia, maana alikuwa ameambiwa kwamba mwishoni mwa filamu kuna vita vya tembo.