Mkoba wa Ameline

Macho ya Heloys yalikuwa yakififia kidogo kidogo, na hakumwambia mtu. Wanawake washonao mikoba ya sadaka, ile ya kuning'inizwa kiunoni siku ya harusi, pale Paris hawazungumzi habari za macho. Ikishasikika kwamba fundi haoni, wenye harusi wanaupita mlango wake na kubisha kwa jirani.

Aliyejua ni Ameline peke yake, mwanafunzi aliyekaa naye miaka minane. Heloys alikaa dirishani akijifanya anashona, lakini wale ndege na mabua ya dhahabu yaliyosifiwa mjini yalikuwa kazi ya mikono ya Ameline. Na sasa miaka minane ilikuwa imetimia. Msichana atashona mkoba wa mtihani, wazee wa chama cha mafundi wataukagua, na wakiukubali, atakuwa fundi huru. Heloys alilala na wazo hilo, akaamka nalo.

Ndipo akaenda darajani kwa muuzaji mmoja, akanunua uzi wa dhahabu uliozungushwa kwenye pamba. Sheria ya chama inataka dhahabu izungushwe kwenye hariri tupu. Kwa kidole huwezi kujua, mpaka uufumue uzi nchani. Na hakuna msichana wa mafundi hao anayefumua uzi aliopewa na bibi anayemfundisha. Ni kama kunusa chakula alichokupakulia mama yako.

"Chukua huu, mwanangu. Nimekutafutia ulio bora."

"Ahsante, mama," Ameline akasema, akaubusu mkono wake.

Siku ya mtihani, wazee watatu wa chama, wote wanawake, walikaa baada ya misa. Mkubwa wao, Marote, aliugeuza mkoba nje ndani, maana fundi hupimwa kwa upande wa nyuma.

"Hata fundo moja sioni," akasema. "Nilipokuwa na umri wake sikushona hivi."

"Wala leo hushoni hivyo," mwenzake akamjibu, wakacheka.

Kisha Marote akachukua sindano, akafumua uzi wa dhahabu nchani. Ikatoka pamba, nyeupe. Kicheko kikakatika.

"Nani kakupa uzi huu, binti?"

Heloys alikuwa amepiga hesabu zake zote isipokuwa swali hilo. Alidhani watasema msichana arudi akajifunze mwaka mmoja zaidi, basi. Kumbe fundi anayetoa uzi wa uongo hufungiwa mlango wake, na mwanafunzi aliyejinunulia mwenyewe hatagusa dhahabu tena mjini humo. Alitaka kusema, nilidanganywa na muuzaji. Badala yake akamngoja msichana.

Ameline akageuka, akamtazama Heloys. Heloys hakuuona uso wake vizuri, aliona weupe tu.

"Nilinunua mwenyewe," Ameline akasema. "Bibi yangu hakujua."

Mkoba ukachomwa mlangoni, watu wakiona, kama ilivyo desturi. Hariri ya kitambaa chake ilinuka kama nywele zinazoungua.

Nyumbani Ameline alianza kukunja nguo zake. Zilikuwa chache.

"Kwa nini umesema vile?" Heloys akauliza.

"Wewe ulitaka niseme nini, mama?"

"Nilitaka ubaki. Mwaka mmoja tu. Unajua hali yangu."

"Ungeniomba."

"Na ungekubali? Fundi huru, akae na kizee kipofu?"

Ameline akafunga kifurushi chake, akakaza fundo kwa meno. "Wiki iliyopita nilimwuliza Marote kama sheria inaruhusu mafundi wawili mlango mmoja. Akasema inaruhusu. Nilikuwa nangoja nipite mtihani ndipo nikwambie."

Heloys akashika ukingo wa meza.

"Naenda Troyes kwa dada yangu," msichana akasema. "Wanafua nguo za watu. Maji hayamuulizi mtu uzi wake."

"Ameline."

"Kuna uji wa dengu jikoni, mama. Usiuache upoe."

Akatoka, akauvuta mlango taratibu kama alivyofundishwa.

Mchana jirani yake Aalis, naye fundi, aliingia bila kubisha, amebeba mkate. Alikuwa ameshasikia yote kisimani.

"Pole, dada. Hawa wasichana wa siku hizi. Umemlisha, umemvalisha, umemfundisha miaka minane, halafu anakwenda kukuaibisha mbele ya chama kizima. Mimi wangu ningemtoa kwa ufagio."

Heloys akamsogezea kigoda.

"Afadhali wewe bado una mikono yako," Aalis akaendelea, akimkatia mkate. "Hebu niambie ukweli. Alikuwa hivyo tangu zamani? Mdanganyifu?"

Nje kengele za kanisa zilianza kulia. Heloys akangoja zinyamaze, lakini Aalis naye alikuwa akingoja.

"Ndiyo," Heloys akasema. "Tangu zamani."