Alichomwachia Mungu

Nyakio alikuwa dukani kwake akimpimia jirani yake maziwa alipomwona yule mtu ng'ambo ya barabara. Maziwa yakafurika kipimo, yakamwagika juu ya meza.

"Mama Waweru, ni nini?" jirani akauliza. Christabel alikuwa mwepesi wa kuona mambo na mwepesi zaidi wa kuyasambaza.

"Kizunguzungu tu. Sijakula tangu asubuhi."

Mtu aliyesimama kando ya magunia ya makaa alikuwa Mukhwana. Alikuwa amekonda na ndevu zimemjaa, lakini Nyakio angemtambua hata gizani. Ndiye dereva wa lori la mahindi aliyemgonga na kumuua binti yake Wanja kwenye barabara ya Moiben, siku Wanja alipokuwa akitoka mazoezi ya kwaya.

Mahakamani Mukhwana alishika Biblia akaapa kwamba breki zilikatika. Lori lenyewe lilikuwa limeshatengenezwa na kurudi kazini, kwa hiyo hakukuwa na wa kumpinga. Akaachiliwa. Waweru, ndugu yake Wanja, alimrukia pale nje, watu wakamshika, na Nyakio akasema mbele ya wote, "Mwacheni aende. Mimi namwachia Mungu."

Maneno hayo yalimpa jina zuri. Mchungaji wao alimtaja madhabahuni kuwa mfano wa moyo wa kusamehe, na wanawake wa kanisa wakaja kumkumbatia. Nyakio aliwaacha wamkumbatie, ingawa yeye mwenyewe alijua hajasamehe kitu. Alikuwa ameipeleka kesi kwa hakimu mkubwa zaidi, naye alikuwa anangoja hukumu. Kila alipopiga magoti alimkumbusha Mungu jina la yule dereva, lisije likasahaulika.

Halafu ikaja ile habari kwamba wasomi wamethibitisha Mungu hayuko. Mwanzoni watu wa mtaa wao wa Kapsoya waliicheka, kisha wakaikasirikia. Lakini kila msomi aliyekwenda kuupinga ule uthibitisho alirudi kimya, na kufikia mavuno hata maaskofu walikuwa wamekubali kwamba Mungu hayuko na hakuwahi kuwako. Hakuna mtu pale mtaani aliyeweza kueleza jambo hilo lilivyothibitishwa, kama vile hakuna aliyeweza kueleza simu inavyoshika mtandao. Walijua tu kwamba imekwisha.

Mji haukuungua kama ilivyohofiwa. Kule Plateau wauguzi wa hospitali ya misheni waliingia zamu kama kawaida, maana wagonjwa hawakuwa wameacha kuugua. Kwaya iliendelea kuimba Jumapili kwa sababu waimbaji walipenda kuimba. Watu wakikutana njiani walizoea kusema "Bwana asifiwe", wakajikuta wamefungua mdomo na hawana la kusema. Wako waliovunja ndoa zao wiki hiyo hiyo, na wako waliozishika zaidi. Kilichomtisha Nyakio ni kwamba mwizi akishikwa, hakuna tena aliyejitokeza kusema, "Jamani, tumwogope Mungu." Vijana walipiga hadi wachoke.

Na Waweru alikuwa ameanza kulitaja jina la Mukhwana mezani.

"Mama, ulimwachia nani?" alimuuliza siku moja, sauti ya chini, huku akimenya kiazi. Waweru alikuwa fundi wa kuchomelea, na kibanda chake kilikuwa nyuma tu ya duka la mama yake. Tangu siku hiyo Nyakio aliona kipande cha nondo kimeegemezwa kando ya mlango wa kibanda, na hakikuwa cha kazi yoyote.

Sasa Mukhwana alikuwa anavuka barabara. Christabel alikuwa ameshaondoka na maziwa yake. Nyuma ya duka mashine ya kusagia chuma ilikuwa ikilia, na maadamu ililia, Waweru hangeweza kusikia lolote.

"Habari yako, Mama," Mukhwana alisema.

"Kijana wangu yuko hapo nyuma. Akikuona atakuua."

"Najua."

"Basi ondoka."

"Siwezi kuondoka, Mama. Nimekuja mara nyingi nikaishia pale kwa makaa. Leo nimevuka."

Nyakio akafungua kijilango cha meza akamwingiza ndani, hadi katikati ya magunia ya mahindi na maharagwe ambako macho ya barabarani hayafiki. Hata yeye hakujua kama anamficha au anamweka karibu.

"Sema," alimwambia. "Ile mashine ikinyamaza, na wewe unyamaze."

Mukhwana alivua kofia. "Breki hazikukatika. Tulikunywa pombe ya busaa kule Moiben tukipakia mahindi. Halafu kuna kitu sikumwambia mtu yeyote. Nilimwona. Alikuwa na sweta ya kijani, amebeba vitabu kifuani. Nilimwona mapema kabisa, nikadhani atasogea. Mguu ulichelewa kushuka kwa breki. Ni hivyo tu. Ulichelewa."

Nyakio alishika gunia. Ile sweta alikuwa ameifuma mwenyewe.

"Na ukaapa."

"Niliapa. Baadaye nikaenda mkutano wa injili nikaungama. Si kwa sauti, moyoni. Mhubiri akaniwekea mkono kichwani, akaniambia nimesamehewa, nikalia. Mama, tangu siku hiyo nililala vizuri. Sikudanganyi. Nilikuwa mwepesi, nikaoa, nikacheka na watu. Sasa wanasema hakukuwa na mtu. Basi ni nani alinisamehe? Nimefikiria mpaka nimeona hakuna mwingine wa kuulizwa isipokuwa wewe."

Mashine ikanyamaza.

Wote wawili wakatulia. Viatu vya Waweru vikasikika kwenye kokoto, vikasimama nyuma ya ukuta wa mabati.

"Mama, chai iko?"

"Bado. Ngoja kidogo."

"Unaongea na nani?"

Nyakio alimtazama Mukhwana. Hakujificha wala hakuomba kwa macho. Alikuwa amefumba macho tu, shingo imelegea, kama ng'ombe aliyezoea kamba. Kwa muda wote ule Nyakio alikuwa ameomba mtu huyu aletwe hukumuni, na sasa huyu hapa kati ya maharagwe yake, na alichohitaji ni kulitamka jina. Alilisikia likimjia ulimini. Alitaka kulitamka. Baadaye hakuwahi kujidanganya kuhusu jambo hilo. Lakini aliona pia kwamba akilitamka atakuwa ameliweka tena mikononi mwa mwingine, yeye akabaki amekaa akingoja.

"Ni mteja," alisema.

Kokoto zikalia, mashine ikaanza upya.

"Sikusamehi," Nyakio alimwambia Mukhwana. "Nikisema nimekusamehe nitakuwa nimekudanganya, na utaenda kulala. Mimi sitaki ulale."

"Sawa, Mama. Basi nifanye nini?"

"Hayo uliyoniambia utaenda kuyasema polisi. Leo hii. Nitakwenda nawe, na neno utakalobadilisha nitalijua."

Mukhwana akavaa kofia. "Twende."

Walipotoka, Christabel alikuwa amesimama na vijana wa bodaboda, kidole kimeelekezwa dukani. Kundi lilikuwa limeshaanza kuziba barabara. Kijana mmoja alimpigia Waweru mluzi. Mashine ikakatika katikati ya mlio, na Waweru akatokea ubavuni mwa duka, miwani ya kazi ingali usoni, nondo mkononi.

"Mama, toka hapo."

"Sitoki."

"Ulimwachia Mungu, na Mungu hayuko. Sasa huyu ameniangukia mimi."

"Hapana, Waweru. Mimi ndiye nilisema namwachia. Kama hayuko wa kumpokea, amerudi kwangu. Hajaja kwako."

"Wanja alikuwa dada yangu."

"Najua. Na mimi nilimzaa." Akageuka. "Mwambie ulivyoniambia. Yote."

Mukhwana akasema yote, pale barabarani, mbele ya watu waliookota mawe. Sauti ilimkauka lakini hakuacha kitu: busaa, sweta, vitabu, mguu uliochelewa. Alipofika pa mguu, Waweru alipitisha nondo kando ya mama yake, ikampata Mukhwana begani. Mfupa ulilia. Mukhwana akaanguka kwa goti moja, na kijana mmoja akainua jiwe lake.

Nyakio aliishika nondo kwa mikono miwili. Waweru alivuta, naye akavutwa nayo, miguu ikiburuta vumbini, kanga ikamfunguka. Ili kuinyakua ingebidi Waweru amwangushe mama yake mbele ya mtaa mzima. Walitazamana karibu sana. Nyuma ya miwani Nyakio aliona macho ya mwanawe yamejaa machozi, akaona pia kwamba bado hajaamua.

"Leta," alisema. "Leta, mwanangu."

Vidole vya Waweru vikalegea kimoja kimoja.

Yule aliyeinua jiwe alitazama huku na huku, akitafuta wa kuanza naye. Hakumpata. Nyakio alifunga kanga, akamwinua Mukhwana kwa mkono mzima, wakaanza kutembea kuelekea mjini. Kundi liliwafuata mpaka lilipochoka. Waweru aliwafuata hadi mlango wa kituo cha polisi, akabaki nje.

Askari wa zamu alimuuliza Mukhwana mara mbili kama kuna aliyemlazimisha, macho yakiwa kwenye bega lile lililovimba. Mukhwana akasema hapana, kwamba alianguka njiani. Kesi ilipofunguliwa upya alikiri mwenyewe, bila kitabu cha kushika, mkono mmoja juu na mwingine kwenye kitambaa cha hospitali. Nyakio alikaa mbele, akasikiliza kila neno, na hakuna lililobadilika. Mukhwana akafungwa.

Wanawake waliokuwa wa kanisa walikuja kumuuliza kama sasa amesamehe. Aliwaambia hajui, kwamba bado anafikiria, na wao hawakumkumbatia. Usingizi wake haukuwa bora kuliko zamani. Ila aliacha kulitaja lile jina kila siku, maana hakukuwa na wa kumkumbusha.

Waweru alikaa wiki nyingi bila kumsemesha zaidi ya salamu. Kisha Jumapili moja, wakila, aliuliza bila kuinua macho, "Kama Mungu angekuwako, ungetoka kunizuia siku ile?"

Nyakio alitaka kumjibu kweli.

"Sidhani," alisema. "Ningebaki ndani nikiomba."

Waweru akamega ugali, akatafuna. Baadaye akasogeza sahani, akamwomba amwongezee mboga.